Deni Langu kwa Sheikh Shaaban Robert

Mhariri wa jarida letu alinitaka niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa, ambaye vijana wanaosoma sasa hapa Kingolwira wangefaidika kumjua. Wiki nzima nilipitisha majina kichwani, ya viongozi, ya mabingwa wa sayansi, hata ya wanariadha. Mwishowe nikaona nisijisumbue, kwa kuwa ninalo deni la zamani ambalo halijalipwa, na mwenye kunidai ni marehemu Sheikh Shaaban Robert. Wale tuliokuwa pamoja Kidato cha Nne mwaka 1979 wanalijua deni lenyewe. Kwa ajili ya vijana itanibidi nilieleze.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Sukari ilikuwa adimu, uji tuliunywa mkavu, lakini midahalo ya Jumamosi usiku haikukosa watu. Siku hiyo hoja ilisema kwamba Shaaban Robert alikuwa mwandishi wa wanyonge. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kupinga. Nilisimama nikasema kwamba mtu aliyekaa ofisini mwa mkoloni miaka 34, akavishwa nishani na Mwingereza, akachapiwa vitabu vyake London, na ndani ya vitabu hivyo akaandika habari za wafalme na mawaziri wa nchi zisizokuwako duniani, mtu huyo hawezi kuitwa mwandishi wa mkulima na mfanyakazi. Nikamwita kibaraka. Neno hilo siku zile lilikuwa kama kiberiti kwenye nyasi kavu. Bwalo zima lilipiga meza, na tukashinda kwa kura nyingi.

Mwenzetu aliyesimama upande wa pili alikuwa mpole, tena msomaji. Alijaribu kutaja habari za kitabu kimoja baada ya kingine, lakini kelele zilimzidi. Siku ya pili mwalimu wetu wa Kiswahili aliniita pembeni akaniuliza jambo moja tu: nimesoma vitabu vingapi vya mtu yule? Nikasema kimoja. Akaniuliza nimekimaliza? Nikanyamaza. Mwalimu hakunipa adhabu wala hakunihutubia, alikwenda zake darasani.

Sasa nimevisoma vyote nilivyoweza kuvipata, na baadhi nimevisoma zaidi ya mara moja. Haya ndiyo niliyopaswa kuyajua usiku ule.

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Jina la Robert limewachanganya wengi. Sisi tulidhani labda alikuwa Mkristo, au chotara. La hasha. Alikuwa Mwislamu, na Robert lilikuwa jina la baba yake. Asili ya wazee wake ni Wayao, lakini yeye alijihesabu Mswahili, na lugha aliyoijua kama mtu ajuavyo njia ya kisimani kwao ilikuwa Kiswahili. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Alipokuwa mtoto wa miaka mitano, Novemba 1914, majeshi ya Mwingereza yalishuka pwani ya Tanga yakapigwa na kurudishwa baharini. Mwingereza aliuteka mji miaka miwili baadaye. Kwa hiyo alikuwa mtoto chini ya bendera moja, kijana chini ya nyingine, na uhuru alikuja kuuona akiwa na miaka 52.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926. Katika mtihani wa kumaliza masomo walifanya wanafunzi 11, naye alishika nafasi ya pili. Vijana, tazameni hesabu hiyo. Darasa zima la wanaomaliza lingeweza kukaa kwenye mabenchi mawili, na huo ndio uliokuwa mwisho wa masomo yake ya shuleni. Hakwenda Makerere wala ng'ambo. Elimu nyingine yote aliyokuwa nayo aliitafuta mwenyewe katika vitabu, baada ya saa za kazi.

Mwaka uleule wa 1926 aliajiriwa kuwa karani wa forodha. Katika kazi hiyo alikaa mpaka 1944, miaka 18, na kituo kinachotajwa zaidi ni Pangani, pale mto unapoingia baharini. Nilifika Pangani miaka mingi baadaye kwa shughuli za ofisi, nikasimama kando ya mto ule. Mwenyeji wa Kingolwira hawezi kujihisi mgeni sana mahali pale, maana mkonge umelizunguka eneo hilo kama ulivyoyazunguka mashamba ya Tungi na Pangawe tuliyokuwa tukiyapita tukienda mjini. Karani wa forodha kazi yake ni kuandika kilichoingia na kilichotoka, marobota mangapi, uzito gani, ushuru kiasi gani, chombo cha nani. Akikosea tarakimu moja, anaitwa. Akipatia siku zote, hapana anayemwona.

Hapa naomba niseme habari zangu kidogo, kwa kuwa bila hizo hamtaelewa kwa nini nilibadilika. Nami nilikuwa karani. Nilipotoka shuleni nilipata kazi katika ofisi moja ya serikali, nikakaa humo hadi kustaafu. Ilikuwa kazi ya mafaili, madaftari na mihuri. Katika mwaka wa tatu au wa nne wa kazi, nikiwa bado sina mke, nilijaribu kuandika hadithi. Nilirudi nyumbani saa kumi na moja jioni, nikapika, nikaoga, nikawasha kandili, nikakaa. Ndugu zangu, nilichogundua ni kwamba mkono wa karani unachoka mapema kuliko akili yake. Mchana kutwa umeandika maneno ya watu wengine, na usiku unapotaka kuandika ya kwako, vidole vinakataa. Hata hivyo niliandika kurasa mia moja na kitu. Nikazipeleka kwa mchapaji mmoja. Sikupata jibu. Nikaandika barua, kimya. Nikaenda mwenyewe, nikaambiwa mswada hauonekani. Sikuwa nimeweka nakala. Nilirudi nyumbani nikaiweka kandili juu ya kabati, na hadithi yangu ikaishia hapo.

Ndipo nikaanza kumfikiria yule niliyemtukana bwaloni. Miaka 34 alirudi nyumbani na mkono uliochoka, na bado alikaa chini akaandika. Alianza na mashairi na makala magazetini, kwanza katika Mambo Leo, gazeti la serikali lililokuwa likisomwa kutoka pwani hata bara. Hapakuwa na soko la vitabu vya Kiswahili kama tunavyolijua sasa. Vitabu vilivyokuwapo vingi vilikuwa vya mashule na vya dini, na hadithi nyingi zilikuwa tafsiri kutoka Kiingereza. Waingereza walikwisha kuunda kamati ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930, lakini kazi kubwa ya mwanzo ya kamati ile ilikuwa kukubali au kukataa miswada kwa tahajia na sarufi. Kwamba Mwafrika mwenyewe angekaa akatunga riwaya kutoka kichwani mwake, kwa Kiswahili cha kwao, hilo halikuwa jambo la kawaida. Yeye alilifanya kuwa la kawaida, na baadaye akakaa katika kamati hiyo hiyo ya Kiswahili ya Afrika Mashariki akiwa mjumbe.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mkewe wa kwanza, Amina, alifariki dunia akamwachia watoto wadogo. Shairi la maombolezo alilomtungia linajulikana na kila aliyesoma Kiswahili katika shule zetu, nami silinukuu hapa. Ninalosema ni kwamba kijana wa miaka kumi na minane hulisoma kwa ajili ya mtihani, na mzee aliyezika mke hulisoma kwa namna nyingine kabisa. Baada ya msiba huo aliwatungia watoto wake tenzi mbili za mawaidha, ule wa Hati kwa binti yake na ule wa Adili kwa mwanawe. Mtu huweza kuzipinga baadhi ya nasaha zake, hasa anapomweleza binti namna ya kuishi na mume, na wasichana wa leo watakuwa na la kusema. Lakini nawaomba mzisome mkijua zimeandikwa na baba aliyebaki peke yake na watoto, naye hakuwa na uhakika kwamba atakuwapo wakikua. Alioa tena baadaye.

Mwaka 1944 alihamishwa kutoka forodhani akapelekwa Idara ya Mifugo, Mpwapwa. Kwa sisi wa Kingolwira Mpwapwa si mbali kwa kuhesabu vituo. Enzi zetu ukipanda treni hapa ukaelekea bara, unapita Morogoro, Kimamba, Kilosa, unaingia milimani Kidete, na kituo cha kushukia mtu wa Mpwapwa ni Gulwe. Lakini kwa mtu wa pwani aliyezoea bahari na minazi, kwenda Ugogoni wakati wa vita ilikuwa safari ya kuhesabika. Ameieleza safari hiyo katika kitabu cha maisha yake, pamoja na ubaguzi wa rangi aliokutana nao. Hakupiga kelele. Ameyaeleza kwa adabu ya mtu anayeandika ripoti, na labda adabu hiyo ndiyo iliyotudanganya sisi vijana wa 1979. Tulidhani asiyepiga kelele hajaumia.

Miaka ile ya Vita Kuu ya Pili alikuwa akitunga utenzi mrefu ajabu juu ya vita yenyewe, wenye maelfu ya beti. Akiwa Mpwapwa na mara baada ya kurudi Tanga aliandika pia riwaya ya Kufikirika, aliyoimaliza mwaka 1946. Mwaka huo alirudi Tanga akafanya kazi katika ofisi ya utawala hadi 1952, kisha katika ofisi ya upimaji ramani hadi alipostaafu 1960. Forodha, mifugo, utawala, ramani. Ukitazama orodha hiyo unaona mtumishi anayesukumwa kutoka meza hii hadi ile, bila mtu kujiuliza karani huyu anafanya nini usiku.

Vitabu vilianza kutoka. Diwani yake ya Pambo la Lugha ilichapishwa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kiswahili cha Tanga kikapigwa chapa Afrika Kusini! Kisha ikaja Kusadikika mwaka 1951, na Adili na Nduguze 1952. Adili imejengwa juu ya kisa cha kale cha Alfu Lela Ulela, nayo inaeleza habari za mtu mwema ambaye ndugu zake wawili waliomhusudu waligeuzwa manyani, naye kaamriwa kuwapiga kila usiku huku moyo ukimwuma. Walioisoma wakiwa watoto hawawezi kuyasahau manyani yale. Ila nataka nikae kidogo kwenye Kusadikika, maana ndicho kile kitabu nilichokuwa nimekisoma nusu.

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Humo anashtakiwa kijana mmoja aitwaye Karama. Kosa lake ni kutaka kuanzisha elimu ya sheria nchini, ili mshtakiwa awe na mtu wa kumtetea. Mshtaki wake ni waziri mkuu, na jina la waziri huyo ni Majivuno. Karama anajitetea mwenyewe mbele ya mfalme kwa siku kadhaa, na utetezi wake ni kukumbusha habari za wajumbe sita waliotumwa zamani, pande nne za dunia, na mbinguni, na ardhini, wakatafute mambo mema ya kuiendeleza Kusadikika. Kila mmoja alirudi na habari njema. Kila mmoja alifungwa jela kwa sababu ya habari hizo.

Mimi niliishia kwa mjumbe wa pili au wa tatu. Nilichoka, nikasema hadithi inajirudia. Ndiyo, inajirudia, na kujirudia kwenyewe ndilo jambo analolieleza: mtumishi mwaminifu anatumwa, anarudi, anafungwa, na wa pili anatumwa vilevile. Mwishoni Karama anashinda kesi, na waliofungwa wanafunguliwa. Kumbukeni kitabu hiki kilitoka miaka 10 kabla ya uhuru wa Tanganyika, kwa mkono wa mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyekuwa bado anapokea mshahara wake kila mwisho wa mwezi. Angetaja Tanga na Dar es Salaam na Bwana Mkubwa kwa jina, kitabu kisingechapishwa, na huenda kazi nayo ingekwisha. Akaiweka nchi angani. Mimi nilisimama bwaloni nikamlaumu kwa kuiweka nchi angani.

Na jambo linalonitia haya zaidi ni hili. Shule yetu ni jirani ya gereza, wote mnalijua, lile la shamba ambalo limekuwapo tangu enzi za Mwingereza. Kila siku tuliwaona wafungwa na majembe yao tukiwa njiani. Tulizoea hata tukawa hatuwaoni tena. Wajumbe sita wa Kusadikika walikuwa mbele ya macho yangu kitabuni, na Uluguru iko mgongoni, na wafungwa wako shambani, nami sikuwahi kujiuliza nani kati ya wale watu alikuwa na mtu wa kumtetea siku ya hukumu yake.

Mwaka 1958 ulitoka wasifu wake wa Siti binti Saad. Hiki ninakipenda kuliko vyote, na nadhani hakisomwi inavyostahili. Siti alikuwa mwanamke maskini wa Fumba, Unguja, muuza vyungu asiyekuwa na sura wala mali wala ukoo wa kujivunia, akawa mwimbaji wa kwanza wa kike wa Afrika Mashariki kurekodi sahani za santuri. Mwaka 1928 alipelekwa Bombay kwa ajili hiyo. Alifariki mwaka 1950. Kwa Mwislamu mwenye heshima zake wa siku zile kuandika kitabu kizima cha kumtukuza mwanamke mwimba taarabu halikuwa jambo dogo. Ningemwuliza kijana yule wa mwaka 1979, aliyekuwa akipiga meza akitafuta mwandishi wa wanyonge, kama muuza vyungu wa Fumba hakuwa mnyonge wa kumtosha.

Kuhusu nishani sina mengi. Alipewa M.B.E. na Mwingereza, na alipata pia zawadi ya Margaret Wrong ya uandishi. Wapo walioona ni aibu kupokea. Mimi sasa naona hivi: mtumishi wa makamo mwenye watoto wa kusomesha aliletewa nishani na waliokuwa wakimtawala, akaipokea, akarudi mezani akaendelea kuandika yaleyale. Asiyewahi kupokea barua ya pongezi kutoka kwa mkubwa asiyempenda na amrushie jiwe.

Lakini nishani haikumpa kilichomhitajia zaidi, nacho ni wachapaji. Mwaka 2002 chuo kikuu cha Dar es Salaam kilitoa barua zake alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958. Ulenge naye alikuwa mwandishi. Mhariri wa barua hizo ni Profesa Mulokozi. Nilipozisoma nilikuwa nimekwisha kuwa na mvi. Ni barua za kaka kwa mdogo wake, zenye salamu, mambo ya ukoo, mashauri na vitabu, kwa lugha ileile iliyonyooka. Nilizisoma usiku mmoja mpaka taa zikakatika.

Sasa sikilizeni miaka. Kufikirika alikwisha kuiandika mwaka 1946. Ilichapishwa 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, alioutunga wakati wa vita ya 1939 hadi 1945, ulichapishwa 1967. Utubora Mkulima ilitoka 1968. Siku ya Watenzi Wote ilitoka 1968. Yeye alifariki Juni 1962. Yaani baadhi ya riwaya zake kubwa kabisa, ambazo zimetahiniwa shuleni na kuandikiwa tasnifu, hakupata kuzishika mkononi zikiwa vitabu. Mswada wangu mmoja ulipopotea nilitia kandili juu ya kabati. Yeye wa Kufikirika ulikaa miaka 16 bila kuchapwa mpaka akazikwa, na katika miaka hiyo 16 hakuacha kuandika mingine.

Utubora Mkulima ndiyo iliyonimaliza nguvu. Utubora ni mtu aliyekuwa na ajira nzuri Unguja, tajiri wake akimpenda, mshahara wa kutosha. Anaiacha kazi, anarudi kijijini Busutamu kulima. Wenzake wanamwona amepungukiwa akili. Kitabu kilitoka mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, na mtu angedhani kimeandikwa kwa agizo la chama, kumbe mwandishi alikuwa kaburini miaka sita. Nikisoma namna anavyomwandika mtu anayeifunga meza yake na kwenda shamba, nasikia nyuma yake karani ambaye mwenyewe hakuifunga meza mpaka siku ya pensheni. Huo ni usomaji wangu tu, wataalamu watanisahihisha.

Wataalamu wenyewe hawajapatana juu yake, na hilo ni jema. Mwaka 1975 Sengo alitoa kitabu cha uhakiki wa maandishi yake. Mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi, aliyekwisha kutikisa watu kwa Rosa Mistika, aliandika tasnifu yake ya uzamili chuo kikuu juu ya riwaya za Shaaban Robert. Kezilahabi aliandika kwa namna iliyo mbali kabisa na ile ya Sheikh, wahusika wake hawana majina ya Adili na Majivuno, na mwisho wa hadithi zake si lazima wema ushinde. Bado ilimlazimu kupitia mlango huo kwanza. Lawama yangu moja ninaibakiza, nisionekane nimeokoka kupita kiasi: watu wa Sheikh ni wema mno au wabaya mno. Utubora hana hata kasoro moja ya kumfanya mtu apumue. Mwenzetu yule wa mdahalo aliwahi kunijibu, siku tulipokutana miaka mingi baadaye kwenye stendi ya Msamvu, kwamba wanadamu wa kawaida karani alikuwa akiwaona kutwa dirishani pake, jioni alitaka kuona wengine. Jibu hilo nimelikumbuka hadi leo, na simo tena katika hali ya kulipinga.

Sheikh alistaafu mwaka 1960. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Miezi sita baadaye akafa, mwenye umri wa miaka 53, akazikwa kwao Vibambani. Hakuwahi kuona serikali ya wananchi ikikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Hakuona Mwalimu Nyerere akimtafsiri Shakespeare mwaka 1963, wala Baraza la Kiswahili likiundwa 1967. Alikuwa ameilinganisha lugha ya mtu na maziwa ya mama yake miaka mingi kabla ya hayo, wakati mwenye Kiingereza kidogo ndiye aliyekuwa akiheshimiwa ofisini. Kule Dar es Salaam alikosomea, shule moja ya sekondari inaitwa kwa jina lake, na wengi wanaopita barabarani humo sidhani kama wanajua aliyeitwa hivyo alimaliza shule akiwa wa pili kati ya wanafunzi 11.

Katika mkutano wetu wa mwisho wa wanafunzi wa zamani niliomba ruhusa ya kuingia maktaba. Nilikuwa nikitafuta nakala ile ya Kusadikika ya mwaka 1979. Haikuwapo, mchwa au mtu aliikwisha kuichukua. Basi nimeleta nyingine mpya, pamoja na Kufikirika, Utubora Mkulima, Adili na Nduguze, Wasifu wa Siti binti Saad, na ile ya barua. Nimezikabidhi kwa mwalimu wa maktaba, zimekwisha kuandikwa katika daftari. Midahalo ya Jumamosi nimeambiwa ingaliko. Hoja ile ya zamani ikirudishwa, naomba upande wa kupinga nao waazime vitabu, wavimalize kwanza. Na mkikuta alama za kalamu pembeni mwa kurasa, safari hii si mimi.